Tuupindue Uyoga Kabla ya Kuupika



Mvua zikishika, akina mama huingia katika misitu ya miyombo na vikapu. Hurudi na uyoga wa njano. Wengine huuuza kando ya barabara, kama kule Iringa.

Je, uyoga huu ni wa aina moja? La. Ukoo wake ni mkubwa. Upo wa njano, upo mwekundu, na upo wa kijivu unaogeuka kuwa mweusi.

Basi tutautambuaje? Tuupindue. Chini ya kofia, mara nyingi tutaona mikunjo minene inayoteremka mpaka kwenye shina. Shina halina pete. Pale chini udongoni halina kikombe.

Uyoga wenye pete na kikombe, mwingine huua. Wako wanaosema, "Chemsha sana, sumu itatoka." Si kweli! Sumu hiyo moto hauiwezi. Tena tumbo laweza kukaa kimya saa nyingi, kumbe ini linaharibika. Mwenye shaka asile. Na aliyekwisha kula akaumwa, awahi hospitali.

Jambo la mwisho. Uyoga huu hatuwezi kuupanda shambani kama mahindi. Nyuzi zake zimeshikana na mizizi ya miyombo. Uyoga huupa mti maji na chakula cha udongoni. Mti huupa uyoga sukari. Tukiimaliza miyombo kwa kuchoma mkaa, mvua zitakuja, lakini vikapu vitarudi vitupu.

Tuitunze miyombo, nayo itatulisha.