Kukijua Chumba cha Kulia Melini

Leo nasema nanyi habari za mlo wa msafiri baharini. Katika meli Queen Mary 2, iliyoanza safari zake mwaka 2004, chumba kikubwa cha kulia, kiitwacho Britannia, kimeenea sitaha mbili, ya 2 na ya 3. Basi yampasa aliyepewa meza humo aijue namba yake, saa ya zamu yake, na sitaha ya kuingilia. Akipotea, na amwulize mtumishi mlangoni. Tena kama kipo chakula kimdhurucho, amwarifu kabla ya kuonja. Anyamazaye kwa haya hukaa na njaa penye karamu, au huugua mbali na nchi kavu. Kuuliza si ujinga.