Picha ya Mishipa ya Moyo: Tuliza Moyo Kwanza

Leo tunazungumza juu ya picha ya mishipa ya moyo inayopigwa kwa mashine ya CT.

Moyo hautulii kamwe. Ukienda mbio, picha hutoka na ukungu, kama ya mtoto aliyetikisika akipigwa picha, na daktari hawezi kuona vizuri mahali mshipa umeziba. Picha nzuri hupatikana moyo ukipiga kama mara 60 kwa dakika, au chini ya hapo.

Kwa hivyo, mgonjwa wako asinywe kahawa, chai ya majani wala soda ya kola kwa saa 12 kabla ya kipimo. Asivute sigara. Mfikishe mapema apumzike.

Huenda akapewa dawa ya kupunguza mapigo ya moyo. Hapo usinyamaze! Kama ana pumu, sema, maana baadhi ya dawa hizo humbana mtu kifua. Sema pia kama ana ugonjwa wa figo, au ni mjamzito. Dawa zake za kila siku asiache bila kuuliza.

Nyumbani, mzoeshe kubana pumzi kwa sekunde 10, akiwa ametulia tuli.