Kupanga Upya Njia za Mkato za Kibodi kwa Kazi Zetu za Uchapaji Murangi



Kazi tunazochapa hapa Murangi na Lyasembe, sisi walimu, watendaji wa vijiji na wenye stesheneri, tunazijua: barua za kijiji, mihtasari ya vikao, mitihani ya majaribio, na mara nyingine ngano tulizosimuliwa na wazee. Kibodi haikupangwa kwa ajili ya kazi hizo. Ctrl pamoja na Z, X, C au V: herufi hizi nne tumezirithi kutoka kompyuta ya Apple Lisa ya mwaka 1983. Vitufe hivyo vimekaa jirani, mkono wa kushoto unavifikia huku wa kulia ukibaki kwenye kipanya. Hizo tuziache, na Ctrl+S tusiiguse kabisa, maana umeme ukikatika ndiyo inayotuokoa. Zinazobaki ni zetu kuzipanga.

Tuanze na kichwa cha barua. "Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, Kata ya Murangi": mtendaji huyachapa maneno haya kila barua, herufi kwa herufi, au hufungua barua ya zamani na kufuta yaliyomo. Njia hii ya pili naipinga waziwazi. Ndiyo inayoacha tarehe ya mwaka jana kwenye barua ya leo. Katika Word, chapa kichwa mara moja, kiteue, bonyeza Alt+F3, kipe jina fupi kama "kmur". Kuanzia hapo unachapa kmur, unabonyeza F3, kichwa chote kinatokea. LibreOffice nayo inatumia F3 kukileta, ila kukihifadhi unaanza na Ctrl+F3.

Jambo zito zaidi ni lugha zetu. Kijita, Kiruri na Kikwaya zina irabu 5, hivyo kibodi ya kawaida inazitosha. Tukivuka kwenda Butiama na Bunda, Kizanaki na Kiikizu zina irabu 7, na mchapaji asiye na kitufe cha irabu za ziada huandika e au o tu, maneno mawili tofauti yakawa kitu kimoja kwenye karatasi. Tuseme mmekubaliana irabu mojawapo iandikwe ë. Fungua Insert, kisha Symbol, itafute herufi hiyo na ubofye Shortcut Key. Ukijaribu Ctrl+Alt+E, Word itakuonesha kuwa mchanganyiko huo tayari umeshikwa na alama ya euro. Soma mstari huo kabla ya kuthibitisha. Mimi ningeutwaa bila wasiwasi, kwa sababu hapa kijijini anayechapa bei kwa euro simjui.

Njia hiyo inafanya kazi ndani ya Word peke yake. Anayeandika sana, hata kwenye simu, apakue Keyman, programu ya bure inayobadilisha kibodi nzima.

Kompyuta zetu ni za kushirikiana, na hapo ndipo mpangilio mzuri unapogeuka kero. Mwalimu akibadilisha vitufe asubuhi bila kusema, katibu wa kikao atahangaika mchana. LibreOffice imelitatua hili vizuri: ukiingia Tools, Customize, kisha Keyboard, kuna kitufe cha kuhifadhi mpangilio wako kama faili. Unalibeba kwenye flashi na kulipakia kwenye mashine nyingine. Word huweka wake ndani ya faili la Normal.dotm, ukilinakili kwenye mashine ya mwenzako utafuta mipangilio yake, kwa hiyo mwombe kwanza.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kama wenzetu waliweza kutafsiri programu nzima, vitufe kumi havitatushinda.

Ombi langu kwa semina hii ni moja: kabla hatujatawanyika, tukubaliane orodha moja ya njia za mkato zisizozidi kumi, ichapwe, na kila stesheneri na kila ofisi ya shule iibandike ukutani karibu na kompyuta.