Chura wa Kihansi na Sanduku Letu

(Risala ya wanachama, iliyosomwa na Katibu siku ya sherehe ya kutimiza miaka kumi. Imechapishwa kama ilivyosomwa.)

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Wenzetu watatu tulioanza nao hatunao tena. Tunaomba tusimame kidogo tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, tulipokaa kuandaa risala hii tulibishana sana. Wengine walitaka tuseme habari za hisa na mabati tu, tumalize, tule. Lakini kuna jambo limetusumbua miaka yote hii kumi, nalo ni fedha za Serikali za kutunza mazingira. Tumeona tuliseme leo, kwa kuwa umekuja na utatusikia.

Tulikotoka

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 19. Hisa moja ilikuwa shilingi 500. Sanduku alitutengenezea fundi wa hapa hapa kijijini, lina kufuli tatu, na kila ufunguo unalala nyumba yake. Waume wengine walicheka, wakasema akina mama wamepata kabati la kuwekea umbea. Leo tuko 31, hisa ni shilingi 2,000, na wale waliocheka ndio wanaotutuma tuwakopee mbolea.

Sanduku limetufundisha mambo matatu. La kwanza, fedha huhesabiwa mbele ya wote. La pili, mkopaji huulizwa anakwenda kufanya nini na atarejesha lini. La tatu, ufa huzibwa ungali mdogo. Mwenzetu akiugua, tukimtolea shilingi 20,000 za mfuko wa jamii siku ile ile, anakwenda zahanati anapona. Tukingoja wiki tatu, tunauza mbuzi, na pengine tunamzika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ukuta tumeujenga mara mbili tatu, tunajua bei yake.

Hilo la tatu ndilo linalotupeleka kwenye habari ya chura.

Chura wa ukuta

Maji ya mabonde yetu haya yanaingia mto Kihansi. Mto ukifika ukingoni mwa milima ya Udzungwa unaporomoka karibu mita 850 kwenda bonde la Kilombero. Huko ndiko Serikali, kwa fedha za Benki ya Dunia na nchi rafiki, ilikojenga bwawa na mtambo wa umeme wa megawati 180, ukaanza kazi kufikia mwaka 2000.

Mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha anza, wataalamu waliokuwa wakichunguza korongo lile walikuta chura ambaye hakuna aliyekuwa amemwandika kokote duniani. Ni mdogo, mkubwa wao hafiki sentimita tatu, rangi yake ya dhahabu. Hatagi mayai kama vyura wengine, anazaa. Anaishi pale tu, katika eneo la kama hekta mbili, yaani ekari tano hivi, kwenye manyunyu ya maporomoko. Ekari tano, jamani! Shamba la mtu mmoja. Hakuna pengine alikokuwa akipatikana.

Sasa mtambo ulipoanza, takriban sehemu tisa kwa kumi za maji zilipita kwenye handaki la umeme. Manyunyu yakakatika, majani yakaanza kukauka. Ndipo mbio zikaanza. Mwaka 2000 vyura karibu 500 walisafirishwa kwa ndege hadi Marekani, kutunzwa kwenye bustani ya wanyama ya Bronx kule New York, na baadaye Toledo pia. Korongoni yakawekwa mabomba yenye vinyunyizio ili kuigiza manyunyu ya mto. Ili kulipia kazi za namna hiyo Serikali yetu ilichukua mkopo mwingine wa Benki ya Dunia, mamilioni ya dola za Kimarekani, na Baraza la Mazingira, NEMC, likapewa usimamizi.

Kwa muda kidogo ilionekana kazi imefanikiwa. Katikati ya mwaka 2003 vyura walihesabiwa kwa maelfu. Halafu ndani ya miezi michache wakaisha. Wataalamu walitaja ugonjwa wa kuvu unaoua vyura duniani kote. Wengine walishuku tope la bwawa lililofunguliwa wakati ule, lililokuwa na sumu za mashamba ya mahindi ya huku juu. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba chura wa Kihansi hayupo tena porini. Wamebaki wale wa ugenini tu.

Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa nchini, wakatunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Desemba 2012 wengine kama elfu mbili wakarejeshwa korongoni. Inaelezwa kwamba ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa chura aliyekwisha toweka porini kurudishwa kwao. Hiyo ni sifa ya nchi yetu na tunajivunia. Lakini tangu siku ile vinyunyizio vinahitaji kutunzwa, na watu wa kuwahesabu vyura wanahitaji kulipwa. Ukuta ukishajengwa, kila mwaka unadai lipu.

Je, chura anastahili fedha zote hizo?

Swali hili tulilibishania hapa hapa chini ya mti, mwaka mzima. Mmoja wetu alisema wazi: “Mwanangu nimemzalia kwa taa ya mkononi, chura kapanda ndege.” Tulicheka, lakini halikuwa neno la kuchekesha.

Tulikofikia ni hapa. Chura hakuchukua fedha ya zahanati. Iliyokula fedha ni haraka. Uchunguzi wa kina ulifanyika wakati ujenzi unaendelea, na huyo mkazi wa korongoni akajulikana mipango imekwisha pitishwa. Angejulikana mapema, pengine maji yake yangepimwa na kutengwa tangu mwanzo, na safari ya Marekani isingekuwepo. Baadaye, mwaka 2004, Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, inayotaka athari za miradi mikubwa zichunguzwe kabla ya kuanza. Ni kama katiba yetu inavyosema: kwanza maswali, ndipo mkopo.

Na ile habari ya tope na sumu, hata kama ni tuhuma tu, ilituingia. “Mashamba ya mahindi ya huku juu.” Huku juu ni wapi? Ni kwetu.

Mita sitini

Sheria hiyo hiyo, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Ndugu Mgeni Rasmi, unafahamu vinyungu, zile bustani zetu za mabondeni tunazolima wakati wa kiangazi. Maharage, mahindi mabichi, majani ya maboga. Hisa nyingi za sanduku hili zimetoka kwenye vinyungu. Mita 60 kwenye bonde jembamba ni bonde lote.

Walipokuja kupima kwa kamba, mama mmoja kati yetu, mjane, alikaa katikati ya kinyungu chake akakataa kuinuka. Hakutukana mtu. Alisema tu, “Nionyesheni watoto wangu watakula nini mwezi wa Oktoba, mimi nainuka.” Wapimaji wakatazamana. Jibu hawakuwa nalo. Walikuja na kamba tu.

Jibu lilitoka kwenye sanduku. Tulimkopesha bila riba akanunua nguruwe wawili. Wanachama wengine wanane waliacha vinyungu vyao, tukachanga mizinga 12 ya nyuki. Mwaka wa kwanza nyuki waliingia mizinga mitano tu, na mmoja ukaliwa na nyegere. Hatutaki kudanganya mbele yako kwamba ilikuwa rahisi. Wawili kati ya wale wanane walirudi mabondeni usiku usiku, nasi tuliwajua, tukanyamaza, maana tulijua ni njaa.

Miche ya Juni

Katika miaka hiyo uliletwa mradi wa kupanda miti kwenye vyanzo vya maji. Hatutautaja, waliouleta walikuwa na nia njema. Miche ilifika kwa lori mwezi wa Juni. Mvua zimekwisha ondoka, baridi ya Udzungwa imeingia. Tukapanda, tukapigwa picha, lori likaondoka. Desemba tulipokwenda kuhesabu, mche uliokuwa hai ulikuwa wa kutafuta.

Tulipouliza kwa nini Juni, tukaambiwa fedha zilichelewa kutoka na mwaka wa Serikali unaisha Juni, zisipotumika zinarudi. Tukauliza nani atamwagilia. Tukaambiwa kifungu cha kumwagilia hakimo.

Mwaka uliofuata tulianzisha kitalu chetu kwa fedha ya mfuko wa jamii. Tuliacha milingoti kwa sababu inakunywa maji mno, tukaotesha mivengi na miti mingine ya asili ambayo bibi zetu waliiacha kando ya chemchemi kwa makusudi. Tulipanda Desemba. Miche 400, baada ya miaka mitatu ilikuwa hai 270. Kila mwanachama alipewa yake kwa jina, na ikifa bila sababu anatoa faini kama aliyechelewa kikao. Chemchemi moja iliyokuwa ikikauka Septemba, sasa inafika Novemba. Tumeiona kwa macho yetu, maana ndiko tunakochota.

Kwa hiyo, Ndugu Mgeni Rasmi, tunasema hivi: fedha ya mazingira haitaki kuwa nyingi kwa siku moja. Inataka kuwa kidogo kila mwaka, kwa wakati wake, isikatike. Hata mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo tumeinufaika na kuirejesha yote, ilisimamishwa Aprili 2023 hadi utaratibu mpya ulipokuja 2024. Sisi tuliweza kungoja, tulikuwa na sanduku. Mche haungoji. Chura naye, vinyunyizio vikisimama, hana kwa kukopa.

Tunayoomba

Kwanza, fedha yoyote ya mazingira inayokuja kijijini isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, iliyoingia na iliyotumika, kama tunavyosoma daftari letu.

Pili, miche na fedha za kupandia zifike kabla ya Novemba. Na katika kila shilingi ya kupanda, iwepo ya kutunza kwa miaka mitatu.

Tatu, malipo yafuate mti ulio hai. Wenzetu wa Kenya, katika Green Belt Movement iliyoanzishwa na marehemu Profesa Wangari Maathai mwaka 1977, akina mama walilipwa kidogo kwa kila mche uliopona. Sisi tuko tayari kuhesabiwa hivyo.

Nne, kamba ya mita 60 ije pamoja na jibu la mwezi wa Oktoba. Anayeacha kinyungu kwa faida ya taifa zima, wakiwemo wanaowasha taa mijini, asiachiwe hasara peke yake.

Tunayoahidi

Nasi hatukuja kuomba tu. Kuanzia msimu huu hakuna mwanachama atakayeoshea bomba la dawa mtoni. Faini yake ni hisa tano, na tumeipitisha kwa kura. Kitalu kitaotesha miche 1,000 kwa mwaka. Kila mwaka wakati wa mgao, kabla hatujagawana, tutatoa sehemu moja katika ishirini iende kwenye chemchemi. Wale wawili waliorudi mabondeni wamerudi kwetu. Mmoja wao ndiye anayeshika daftari la kitalu.

Wengi wetu hatujamwona chura wa Kihansi kwa macho, na labda hatutamwona. Lakini maji anayoyasubiri kule korongoni yanapita kwetu kwanza. Yakitoka hapa safi na ya kutosha, Serikali itakuwa imepunguziwa gharama, hata kama haitajua nani amepunguza.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumemaliza. Wenye funguo waje mbele, sanduku lifunguliwe, tuhesabu ukiwa unaona.