Zahanati Zetu: Tumefika Wapi?



Wakati wa jubilei ni desturi kuhesabu yaliyojengwa: makanisa, shule, nyumba za wagonjwa. Nasi twayahesabu kwa furaha. Lakini neno tulilopewa kulisema leo ni juu ya afya ya msingi, yaani ile inayoanzia nyumbani, kijijini na katika zahanati, kabla mtu hajafikishwa hospitali kubwa; na katika jambo hili twaona ya kuwa kuhesabu majengo hakutoshi. Hatuna budi kuuliza kama kazi hii imeendelea kweli, au imeongezeka tu.

Wazee wetu wakumbuka ya kuwa Azimio lililotangazwa hapa Arusha mwaka 1967 liliugeuza uso wa serikali kuelekea vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapata milioni 2 waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo. Ninyi waalimu yawafaa kuikumbuka kazi ile, kwa maana ilikuwa kazi ya kusoma kabla ya kuwa kazi ya dawa. Mwaka 1978 mataifa yalikutana Alma-Ata, yakaahidi afya kwa watu wote ifikapo mwaka 2000. Mengi waliyoyaandika huko, nchi hii ilikuwa imekwisha kuyaanza. Wala makanisa hayakuwa watazamaji, kwani Tume ya Kikristo ya Utabibu, iliyoanzishwa 1968 chini ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ilishauriana na wakuu wa Shirika la Afya Ulimwenguni kabla ya mkutano ule.

Kisha fedha zikapungua. Mwaka 1993 wagonjwa walianza kuchangia gharama za matibabu, na aliyekosa fedha akabaki nyumbani. Mwaka 2007 serikali ikatangaza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi: kila kijiji kiwe na zahanati, kila kata kituo cha afya, kila wilaya hospitali. Hapa kwetu nyumba mpya zikainuka kando ya zile za zamani zilizozaliwa na misheni, kama Nkoaranga huko Meru na Selian huko Ngaramtoni.

Je, matunda yapo? Yapo, tena makubwa. Katika hesabu ya taifa ya mwaka 2004-05, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 112 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Katika hesabu ya 2022 walikuwa 43. Kwa habari ya akina mama wafao kwa uzazi, hesabu ya taifa yasema walishuka kutoka 556 katika kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015-16 hata 104 mwaka 2022. Hii ya pili twaipokea kwa tahadhari kidogo, kwa kuwa makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yalikuwa 238. Lakini pande zote mbili zakubali ya kuwa vifo vimepungua sana.

Lakini iko hesabu moja ambayo karibu haikusogea, nayo ndiyo twataka ikae mioyoni mwenu. Watoto wachanga wafao katika siku 28 za kwanza walikuwa 25 katika kila 1,000 mwaka 2015-16. Mwaka 2022 walikuwa 24. Linganisheni basi na wale 43: zaidi ya nusu ya watoto wafao kabla ya miaka 5 hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Na katika muda huo huo, vizazi vilivyotokea katika nyumba za tiba viliongezeka kutoka 63 katika 100 hata kufika 81.

Fikirini maana yake. Sisi tusomao matangazo baada ya ibada tumewahimiza akina mama miaka mingi: nendeni mkajifungulie zahanati. Wamekwenda. Wameshuka mlimani wakati wa masika, katika utelezi, wengine kwa miguu na wengine kwa pikipiki. Basi hatuwezi tena kusema kila mara ya kuwa mtoto alikufa kwa sababu mama alibaki nyumbani. Sasa swali limehama, limeingia ndani ya nyumba tuliyoijenga: aliyempokea mtoto yule alikuwa nani, naye alikuwa na nini mkononi?

Wengi wa watoto hao hufa kwa kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, kwa kuzaliwa kabla ya siku zao, au kwa uambukizo. Juu ya hili la pumzi twalo fundisho kutoka nchi hii hii. Kati ya 2009 na 2012 hospitali 8 za Tanzania zilifundisha wakunga kumkausha mtoto asiyelia, kumsugua mgongo, na kama bado hapumui, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa katika dakika ya kwanza. Vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa 47 katika 100. Huko Haydom, katika Mbulu, walivumbua jambo lingine ambalo kila mwalimu atalitambua. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafaulu mtihani kwa mwanasesere, lakini walipofika mbele ya mtoto halisi walifanya kama zamani. Walipoanza kujizoeza mara kwa mara, dakika chache tu, palepale penye kazi, ndipo vifo vilipopungua. Nani kwetu amewahi kumfundisha mtoto kusoma kwa siku moja?

Hilo lahitaji fedha kidogo sana kuliko ukuta mpya. Lahitaji mkunga wa kutosha zamu, asiachwe peke yake usiku.

Tena liko la maji, nalo ni letu hasa sisi tukaao chini ya Meru. Mawe ya mlima huu wa moto hutia floraidi katika chemchemi nyingi na visima, kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Ulimwenguni. Meno ya watoto huwa na rangi ya kahawia, na palipo kali zaidi mifupa hupinda. Magadi mengine tutiayo katika chakula huongeza. Zahanati haiwezi kuyaponya meno yaliyokwisha kuharibika, kwa kuwa madhara hutendeka yangali ndani ya ufizi. Maji salama yaliandikwa Alma-Ata kuwa sehemu ya afya ya msingi, si kazi ya idara nyingine. Kwa hiyo kijiji chenye zahanati nzuri na maji mabaya, sisi hatukihesabu kuwa kimefika.

Ninyi mlio katika kamati za zahanati, mkikutana tena, msianze kwa habari ya rangi ya kuta. Ulizeni usiku wa jana zamu ilikuwa ya nani. Ulizeni kama mfuko na barakoa ya mtoto mchanga vipo, na mara ya mwisho wakunga walijizoeza lini. Ulizeni watoto wangapi waliozaliwa hapo mwaka huu hawakufika mwezi mmoja, na kama majibu hayajaandikwa, waalimu, mwajua kupiga mistari katika daftari; wasaidieni kulianzisha.