Safari ya Kanisa la Nassa



Jioni hii nataka kuwapeleka mahali pa kale kuliko wengi wetu tunavyodhani, napo si mbali na kwetu. Watu wa Zagayu na Bariadi wakisikia habari za makanisa ya kale, aghalabu mawazo yao hukimbilia Unguja au Bagamoyo, kwenye kuta za mawe na minara mirefu. Walakini katika mkoa wetu huu huu wa Simiyu, kando ya ziwa, pana Nassa, ambapo wamisionari wa Kiingereza walipiga kambi yapata mwaka wa 1888, kabla Wadachi hawajajenga boma lao la Mwanza.

Njia yake ni nyepesi siku hizi. Utokapo Zagayu, fika kwanza Bariadi. Kutoka hapo barabara ya lami hushuka hata Lamadi, mwendo wa kilometa 70 na kidogo, nayo hukutana na barabara kuu itokayo Musoma. Shika njia ya Mwanza, ukiliacha ziwa mkono wa kuume, nawe utaingia katika nchi ya Nassa, wilaya ya Busega. Utaona mashamba ya pamba, ng'ombe wakishuka kunywa maji, na mawe makubwa yaliyopandana kana kwamba mtu aliyapanga. Maji yale ni ya Ghuba ya Speke.

Mgeni akifika huweza kusema, “Mahali hapa ni mbali sana, ni nani aliyekuja kujenga kanisa huku pembeni?” Swali hilo ndilo lililonifanya nitake kuzungumza nanyi. Ninyi mwajua kwamba neno sukuma maana yake ni kaskazini. Wanyamwezi waliwaita jirani zao Wasukuma kwa kuwa wako kaskazini kwao. Na watu wa Bariadi, walio Wasukuma vile vile, huitwa watu wa Kiya, yaani wa mashariki. Jina hutegemea aliyesimama na kutazama. Basi na umbali ni hivyo hivyo. Nassa haikuwa pembeni hapo kwanza. Ilikuwa mlangoni.

Zamani zile mtu aliyetaka kwenda Buganda kutoka pwani hakuwa na njia fupi. Mwaka wa 1885 Askofu Hannington alijaribu kukata njia kutoka Mombasa na kupita nchi ya Wamasai, akauawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Njia iliyozoewa ilikuwa ya misafara: kutoka pwani hata Unyamwezi, kutoka Unyamwezi hata Usukuma, kwa miguu, miezi mingi, wapagazi wakichukua kila kitu kichwani, na watemi wakidai hongo njiani. Ukifika ukingo wa kusini wa ziwa, ndipo unatafuta mitumbwi. Kwa hiyo kila mzigo wa vitabu, kila barua, kila mgonjwa aliyerudishwa pwani, alipita nchi hii.

Na njia hiyo ilikula watu. Wamisionari wa chama cha Kanisa la Kiingereza, kiitwacho C.M.S., walifika Kageye, pwani ya kusini ya ziwa, mwaka wa 1877. Katika mwezi wa Desemba mwaka ule ule wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe, kisiwa kilichoko mdomoni mwa ghuba hii hii ya Nassa, walipoingia katika ugomvi wa mtemi Lukonge na mfanya biashara Songoro. Miaka kumi baadaye Alexander Mackay, fundi yule mashuhuri, alifukuzwa Buganda akavuka ziwa na kukaa Usambiro. Askofu Parker alikufa huko mwezi wa Machi 1888. Mackay mwenyewe alikufa huko kwa homa tarehe 8 Februari 1890, na mwaka wa 1927 mifupa yake ilihamishwa ikazikwa Namirembe.

Usambiro iliachwa. Nassa ikabaki. Ikawa chini ya askofu wa Uganda, na walimu wa Kiganda walitumwa kwa njia ya maji kuja kufundisha Wasukuma. Fikirini jambo hilo, ninyi vijana: Mganda, mgeni wa lugha na wa chakula, anateremka mtumbwini kufundisha kusoma. Habari za wazungu zimeandikwa sana. Za walimu hawa kidogo tu. Kwa maoni yangu hao ndio walioistahili picha ukutani.

Kisha njia ikageuka. Mwezi wa Desemba mwaka wa 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali tupaitapo leo Kisumu. Safari ya miezi ikawa ya siku chache, na misafara ya Usukuma haikuhitajiwa tena na watu wa Buganda. Zaidi ya hayo, tangu mapatano ya mwaka wa 1890 Nassa ilikuwa katika nchi ya Wadachi, na Uganda katika mikono ya Waingereza. Mlango ukawa pembe. Wasukuma waliobatizwa walikuwa wachache, kwa kuwa watu wengi waliishika mila ya mababu zao, na C.M.S. ilikuwa na kazi nyingi mahali pengine. Mwaka wa 1909 ikaikabidhi Nassa kwa chama kingine, Africa Inland Mission, kilichoanza kazi Ukambani mwaka wa 1895.

Waumini wa Nassa walilala chini ya wageni hawa, wakaamka chini ya wengine. Walimu waliowazoea wakaenda zao; wakaja wapya, wengi wao Wamarekani, wenye desturi zao za ibada. Kundi dogo namna ile lingaliweza kutawanyika. Halikutawanyika, na kutoka hapo mahali pamoja kazi ilienea Usukuma: mwaka wa 1913 ilifunguliwa Kolandoto, karibu na Shinyanga, palipokuwa na hospitali baadaye. Agano Jipya la Kisukuma lilitoka mwaka wa 1925, na Biblia nzima mwaka wa 1960. Mwaka wa 1964 kanisa likawa chini ya Waafrika wenyewe, ndilo Africa Inland Church Tanzania.

Basi ukienda Nassa usitafute mnara kama ule wa Askofu Steere kule Unguja. Nyumba za kwanza za bara zilikuwa za miti, udongo na nyasi, na mchwa hawana heshima kwa nyumba ya ibada. Ukale wa Nassa uko zaidi katika watu. Jitambulishe kwanza kwa mchungaji au wazee wa kanisa, wala usianze kupiga picha kabla ya kusalimu. Uliza mzee nani alimfundisha babu yake kusoma, na kwa lugha gani. Ukiwa na daftari andika jibu lake, pamoja na jina lake na tarehe, maana mzee wa namna hiyo hangoji msimu wa pili wa pamba.

Afadhali uende kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha, udongo mweusi wa mbuga za kwetu hushika hata gurudumu la trekta, na huenda usifike Bariadi. Na ukipenda kusikia nyimbo za Kisukuma, chagua siku ya Jumapili, ufike mapema.

Kwaherini.