Nani Anazisoma Ripoti za Vyuo vya Umma?

Uchumi ulipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 2000, jimbo la Virginia nchini Marekani lilikata ruzuku ya vyuo vikuu vyake vya umma. Makaratasi hayakukatwa. Chuo kilichopewa fedha pungufu kiliendelea kuomba idhini Richmond, makao makuu ya jimbo, kila kilipotaka kununua, kuajiri au kujenga. Vyuo vitatu vikaungana kudai nafuu: Chuo Kikuu cha Virginia, Virginia Tech, na William & Mary kilichoanzishwa mwaka 1693, kabla Marekani yenyewe haijazaliwa.

Sheria iliyotiwa saini na Gavana Mark Warner mwaka 2005 ndiyo kiini cha mhadhara huu. Idhini za kabla zilipunguzwa. Ukaguzi wa baada ukabaki, na mkaguzi wa hesabu wa jimbo akaendelea kupekua vitabu vya vyuo hivyo hivyo. Uhuru nao haukugawiwa sawa. Ulipangwa kwa ngazi, na mikataba ya ngazi ya juu kabisa, iliyoanza Julai 2006, vilipewa vyuo vile vitatu vilivyoweza kuonyesha kwamba vina watu na mifumo ya kusimamia fedha zao vyenyewe. Chuo kidogo chenye mhasibu mmoja aliyeelemewa hakikuachiwa kiogelee peke yake.

Badala ya idhini, vyuo viliahidi matokeo: kuwapokea wanafunzi wa familia maskini, kuwafikisha kwenye mahafali, kushirikiana na shule za jimbo. Baraza la Elimu ya Juu la Virginia likapewa kazi ya kupima. Chuo kilichofaulu kiliruhusiwa kubaki na riba iliyotokana na ada, na bakaa ya mwaka wa fedha isirudi hazina. Hapo ndipo penye akili ya sheria hii. Ripoti iliyobaki ilikuwa na msomaji, na msomaji huyo alikuwa na jambo la kufanya baada ya kuisoma.

Malalamiko ya vyuo, hata hivyo, nayo yanahitaji mkaguzi. Mwaka 2015 kikosi kazi kilichoundwa kwa maombi ya maseneta wa Marekani kilitoa taarifa juu ya mzigo wa kanuni za serikali kuu. Katika mjadala ule, Chuo Kikuu cha Vanderbilt, ambacho ni cha binafsi, kilisema kinatumia takriban dola milioni 150 kwa mwaka kutimiza masharti hayo. Wanasiasa wakaidaka takwimu hiyo. Wachache walikumbuka kuongeza kwamba sehemu kubwa ya gharama ilitokana na utafiti unaolipiwa na serikali hiyo hiyo, wala si fomu za kufundishia.

Kuna ripoti zilizoandikwa kwa damu. Jeanne Clery aliuawa mwaka 1986 ndani ya bweni la Chuo Kikuu cha Lehigh, na wazazi wake wakaja kugundua kwamba uhalifu uliotangulia chuoni hapo haukuwa umetangazwa. Sheria ya mwaka 1990 inayobeba jina lake huvidai vyuo takwimu za uhalifu kila mwaka na onyo la haraka panapotokea hatari. Tarehe 16 Aprili 2007, wanafunzi wawili wa Virginia Tech walipigwa risasi bwenini saa moja na robo asubuhi. Barua pepe ya kwanza ya tahadhari ilitoka baada ya saa mbili na zaidi, na muda mfupi baadaye muuaji akaingia madarasani. Watu 32 waliuawa. Chuo kilichokuwa kimeachiwa huru katika manunuzi hakikuachiwa katika hili: mwaka 2011 kilitozwa faini ya dola 55,000, iliyopunguzwa baada ya rufaa.

Mwongozo wa sheria hiyo ya Clery, kwa upande mwingine, ulinenepa hadi ukapita kurasa 250. Mwaka 2020 serikali iliufuta na kuweka maelezo mafupi mahali pake. Wajibu wenyewe ulibaki na meno yake. Mwaka 2024, Chuo Kikuu cha Liberty, cha binafsi na kilichomo Virginia, kilipigwa faini ya dola milioni 14 kwa kuuvunja.

Kisichostahili huruma ni kuulizwa jambo lile lile mara tatu. Hata nchini Tanzania, mwanafunzi mmoja ni taarifa kwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), kwa Bodi ya Mikopo na kwa wizara. Marekani ilijifunga yenyewe: sheria ya mwaka 2008 iliikataza serikali kuu kujenga kanzidata ya mwanafunzi mmoja mmoja, kwa hofu ya faragha. Kwa hiyo vyuo hujumlisha takwimu kwa mikono yao katika misimu mitatu kila mwaka, huku taarifa za wanafunzi hao hao zikipelekwa kwa jimbo na kwa mfumo wa mikopo. Muswada wa kuondoa katazo hilo ulipita Baraza la Wawakilishi mwaka 2022, ukiwa ndani ya muswada mkubwa zaidi, kisha ukaachwa nje ya sheria iliyopitishwa.